Nikiondoka, nani atamfunga vifungo?

Barua

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu na sikudhani siku moja nami nitakuandikia. Nina watoto wawili. Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 13. Kitinda mimba ni binti wa miaka 9, naye ana sindromu ya Down, hali aliyozaliwa nayo inayomfanya akue na kujifunza polepole. Anasoma shule ya msingi pamoja na watoto wengine, na kuna mwalimu wa elimu maalumu anayemchukua kwa vipindi vyake.

Majuzi tuliitwa shuleni, mimi na baba yake, kupanga malengo yake ya mwaka. Mwalimu yule akatuuliza: "Akiwa mtu mzima, mngependa awe anaishije?" Mume wangu akageukia dirishani. Mimi nikafungua mkoba nikajifanya natafuta leso. Hatukuwa na jibu hata la uongo. Mwalimu akaendelea kusema kwamba angependa wapunguze kidogo vipindi vya kusoma na kuhesabu ili wapate nafasi ya stadi za maisha: kuvaa, kujisafisha, kutunza vitu vyake, kutumia pesa.

Njia nzima ya kurudi mume wangu alikuwa amefura. Anaona wamemkatia tamaa mtoto. Anasema shule ni ya kusoma, mambo ya kuvaa ni ya nyumbani, na hata hayo ya nyumbani yana haraka gani? Ana miaka 9, mwacheni awe mtoto.

Mwalimu, shida ni kwamba hayo ya nyumbani nayo hatumfundishi. Nakiri. Asubuhi gari la shule linapiga honi, yeye bado anahangaika na shati. Akifunga kifungo kimoja anakitazama, anacheka, anataka nami nikitazame. Mimi naiondoa mikono yake, navifunga vyote sita, namvika soksi, kaka yake anamfunga kamba za viatu, tunatoka. Ni hivyo kila siku. Namwogesha pia. Namkatia chakula chake.

Jambo jingine linalonitia hofu ni kukumbatia. Anamkumbatia kila mtu, hata asiyemjua. Watu wanafurahi, wanasema ana upendo. Zamani nami nilifurahi. Sasa anakua, kifua kimeanza kuonyesha dalili, na nikimwona amejitupa kifuani kwa mwanamume nisiyemfahamu, mwili unanisisimka.

Kilichonifanya niandike hasa ni kaka yake. Usiku wa siku ileile ya kikao alinifuata jikoni, akasimama tu, kisha akauliza: "Mama, nikija kuoa, dada atakaa kwangu?" Nikamwambia akalale. Mpaka leo sijamjibu.

Yule mwalimu wa shuleni yuko sahihi au mume wangu? Nianzie wapi? Na huyu kijana nimwambie nini?

Mama wa Wawili

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama palepale, kwenye vifungo. Umevitaja kama mtu anayeungama dhambi ndogo ili apate ujasiri wa kufikia kubwa. Kwangu mimi hapo ndipo penyewe. Shati lina vifungo sita, shule ni siku tano. Kila wiki vifungo 30 vinapita mbele ya vidole vya binti yako, na vyote unavifunga wewe.

Sikulaumu, maana nami nina langu. Nilipokuwa bado nafundisha nilikuwa na mvulana niliyemfundisha kuhesabu hadi 100. Nilijivunia sana. Akiingia mgeni darasani, yule mtoto namsimamisha ahesabu, mgeni anapiga makofi. Alipofika mwaka wake wa mwisho nasi alikuwa na miaka 14, na alikuwa bado ananijia kufunguliwa zipu ya suruali kabla ya kwenda chooni. Miaka yote ile sikuwahi kukaa naye nusu saa kwa ajili ya zipu. Mama yake hakunilaumu, naye alikuwa akiifungua yeye nyumbani.

Kwa hiyo mumeo ana haki ya kuogopa mtoto kukatiwa tamaa, kwani yapo madarasa ambako "stadi za maisha" ni jina la heshima la kumkalisha mtoto na shanga mpaka kengele ilie. Muulize mwalimu mambo mawili: wiki hii atafundishwa nini hasa, na tutajuaje kwamba ameweza? Akikujibu kwa vitendo unavyoweza kuviona kwa macho, huyo ni mwalimu wa kushikwa mkono. Wala hajabuni jambo la ajabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika Ibara ya 24 inayohusu elimu, unataka watu wenye ulemavu wafundishwe stadi za maisha na za kuishi na wenzao. Ziko ndani ya elimu. Mwambie hivyo mumeo, kwa upole.

Kusoma kusiachwe, hapo nasimama naye. Watoto wengi wenye sindromu ya Down hushika maneno kwa kuyaona mazima, hata kama kuunganisha silabi kunawashinda. Basi na asome, lakini aanze na yatakayomfaa: jina lake, jina lako, CHOO, WANAWAKE, HATARI, KUTOKA. Hesabu vilevile. Kwenye pesa hahitaji kujumlisha kwanza. Anahitaji kuzijua noti kwa sura, na kujua kwamba bei ikiangukia kati ya noti mbili, anatoa ile kubwa, halafu *hatoki* mpaka apewe chenji. Wapo watu wazima wanaojinunulia vitu vyao kwa ujanja huo mmoja.

Na "ana miaka 9 tu"? Miaka 9 ndiyo umri wake hasa. Mtoto huyu atahitaji kulirudia jambo mara nyingi kuliko kaka yake, kwa hiyo lazima aanze mapema, wala asianze kwa kazi ya fundi. Aanze na mwili wake mwenyewe na nguo zake.

Tuje kwenye shati. Somo hili lisifanyike asubuhi. Asubuhi endelea kumfunga, bila kujiona mkosaji. Tafuta jioni mbili na Jumamosi moja, dakika kumi tu. Watoto wenye hali hii wana misuli legevu na viungo vinavyonyumbulika sana, vidole huchoka upesi, na akichoka ukaendelea utakuwa unamfundisha kuchukia mashati. Chukua shati kuukuu la baba yake lenye vifungo vikubwa na matundu yaliyokwisha kulegea. Mvalishe juu ya nguo zake. Funga vitano vya juu, kile cha chini kabisa kipitishe nusu kwenye tundu, kisha ondoa mkono wako. Kazi yake ni kukivuta kipite.

Nimekwambia kifungo cha chini kwa sababu mbili. Akiinamisha kichwa anakiona, wakati cha shingoni hata mimi nakifunga kwa kupapasa. Tena ndicho cha mwisho: akikivuta, shati limefungwa, kazi imekwisha, na aliyeimaliza ni yeye. Ndiyo maana tunaanzia mwisho. Mtoto aliyeanza kazi akamaliziwa na mama hajui ladha ya kumaliza. Umesema mwenyewe akifunga kimoja anacheka na kukutaka utazame. Kile kicheko ndicho mshahara wake, na kila asubuhi honi inamkata mshahara.

Akiweza kukivuta bila wasiwasi, mwachie na kukipitisha. Kisha kile cha pili kutoka chini. Usiwe na haraka ya kupanda juu. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi, na kuna siku atasahau cha juzi, jambo ambalo kwa watoto hawa halina ajabu.

Halafu kuna mdomo wako. Samahani kwa hilo, lakini mama na mwalimu tuna ugonjwa mmoja: "Shika hapa. Siyo hapo. Vuta. Vuta sasa. Haya, vuta." Msaada wa mkono unaondoka kirahisi, leo umemshika kiganja, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko, mwisho unamwonyesha kwa kidole tu. Msaada wa maneno hauondoki kirahisi. Nimewaona vijana wakubwa wamesimama na soksi mkononi wakisubiri waambiwe "vaa". Kwa hiyo kaa nyuma yake, mikono yako juu ya yake, kimya. Akikwama, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kumsaidia. Akili yake inasafiri, ila haikimbii. Ukiingilia kwenye tatu unakuwa umeikatisha njiani.

Picha zitakusaidia kuliko sauti. Wengi wao hukumbuka walichokiona kuliko walichoambiwa, na wengi husikia kwa shida kwa sababu ya majimaji yanayojaa ndani ya sikio. Kama hajapimwa masikio na macho mwaka huu, mpeleke, na tezi ya shingoni ipimwe pia, kwa sababu ikizembea humfanya mtoto awe mzito ukadhani ni mvivu. Mpige picha yeye mwenyewe akivaa: chupi, fulana, shati, sketi, soksi, viatu. Zibandike ukutani kwa mpangilio, usawa wa macho yake. Akikuuliza "sasa nini?", mwonyeshe ukuta.

Umenigusia kukumbatia kwa mistari michache, lakini hapo ndipo ningekuomba uanze leo, hata kabla ya shati. Watoto wenye ulemavu wa akili hudhulumiwa kingono zaidi ya wenzao, na mara nyingi mdhalimu ni mtu anayefahamika. Wadhalimu hao hutafuta mtoto wa aina gani? Mtoto aliyezoea kuguswa na kila mkono, anayesifiwa kwa utiifu, na asiye na majina ya sehemu zake za siri. Tazama tunavyomlea: tunamvua, tunamwosha, tunamgeuza, na akisema "sitaki" tunasema ana kiburi.

Kwa hiyo kwanza, kwenu pawe na "sitaki" inayoheshimiwa. Kila siku mpe nafasi ya kuchagua kati ya vitu viwili, gauni hili au lile, kuoga kwanza au kula kwanza, na akichagua, basi, hata kama wewe ungechagua kingine. Asiyewahi kusikilizwa kwenye gauni hatategemea kusikilizwa kwenye jambo zito. (Dawa na mkanda wa garini havina uchaguzi. Usimuulize jambo ambalo jibu lake huwezi kulikubali.)

Pili, chora duara tatu kwenye karatasi kubwa. Ya ndani kabisa bandika picha za wanaokumbatiwa: wewe, baba, kaka, na mmoja au wawili mtakaokubaliana. Inayofuata ni ya wanaosalimiwa kwa mkono, mwalimu, jirani, dereva wa gari la shule. Ya nje ni ya kupungiwa tu. Kisha ije sehemu ngumu, nayo ni kuwafundisha watu wazima. Mjomba atanuna. Rafiki yako atasema "mwache bwana, mtoto ana upendo". Mshike mtoto bega, mgeuze, mwambie "huyu tunampa mkono", na mgeni atoe mkono. Wote wafuate, kila mara. Akikutana na mmoja wa kumkumbatia kwa siri kwa sababu "mimi ni tofauti", duara zote zimefutika.

Tatu, kuoga. Kuanzia wiki hii sabuni ikifika sehemu zake za siri inashikwa na mkono wake. Wewe mwelekeze. Zitaje kwa majina yake halisi, yale atakayoweza kumwambia daktari au polisi akaeleweka. Funga mlango wa bafu, na kabla ya kuingia chumbani kwake, bisha hodi. Nyote. Asipobishiwa hodi kwake, hawezi kujua kwamba wengine nao wanabishiwa.

Na kwa kuwa umesema kifua kimeanza: wasichana wenye sindromu ya Down hubalehe karibu na umri wa wasichana wengine, mabadiliko huanza kati ya miaka 8 na 13. Usingoje damu. Avae pedi kavu Jumamosi asubuhi, aibadilishe mchana, aikunje ya zamani na kuitupa panapotupwa. Afanye hivyo mara kadhaa kabla ya siku yenyewe, ili damu ikija ikute jambo analolijua. Muonyeshe na doa la rangi nyekundu kwenye pedi, asije akadhani ameumia.

Nyumbani mpe kazi moja ambayo wengine wanaitegemea. Nasema wanaitegemea kwelikweli. Mojawapo nzuri ni vijiko vya mezani. Awahesabu watu kwa vichwa, achukue kijiko kwa kila kichwa. Ni hesabu hiyo, mwambie mumeo, tena hesabu yenye maana. Siku vikipungua, asiinuke mtu kumsaidia kimyakimya. Baba na akae mbele ya sahani yake, aonyeshe mikono mitupu, angoje. Mtoto atatazama, atatazama tena, ataondoka kwenda kuchukua. Inahitaji uvumilivu wa watu wanne wenye njaa.

Watu watakutajia Pablo Pineda wa Uhispania, mwenye sindromu ya Down aliyehitimu chuo kikuu. Ni kweli, na mfurahie. Usimpime binti yako kwa yeye, kama usivyompima kijana wako kwa bingwa wa dunia wa mbio.

Sasa kaka mtu. Swali lake lingekuwa geni kwa kizazi cha bibi zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata Marekani, mtu mwenye sindromu ya Down aliishi kwa wastani wa miaka 25 hivi. Leo, penye matibabu mazuri, ni karibu 60. Karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, na upasuaji wa moyo utotoni ni moja ya sababu kubwa za tofauti hiyo. Maana yake binti yako ana uwezekano mkubwa wa kuishi baada yenu. Kijana wako ameliona hilo kabla yenu, na amelibeba peke yake mpaka jikoni, ukamwambia akalale.

Mfuate leo. Mtafute mkiwa na kazi mkononi, vijana husikia vizuri wakiwa hawatazamwi. Mwambie kwamba hapana, dada yake hajapangiwa kukaa kwake. Mwambie kupanga ni kazi yenu ninyi wazazi na mmeanza. Na iwe kweli mmeanza: nunueni daftari, andikeni humo dawa zake, daktari wake, anachokiogopa, kinachomtuliza akilia, maneno yake ambayo watu wa nje hawayaelewi na maana zake. Halafu panueni idadi ya watu wanaomjua. Alale usiku mmoja kwa mtu mmoja wa ndani ya duara mnayemwamini kabisa, na arudi. Mtoto aliyelala kwenu tu kwa miaka 30, siku ya msiba hupoteza mama na kitanda kwa mpigo.

Usimkataze kijana akisema angependa dada akae kwake. Mjibu tu kwamba hilo ataamua akiwa mkubwa, na dada yake naye ataulizwa. Kwa sasa muombe jambo moja, aache kumfunga kamba za viatu. Mnunulie binti viatu vya kubandika, ajivalishe mwenyewe, kamba zitangoja zamu yake. Kijana atakuta ana dakika mbili za bure asubuhi na hajui azifanyie nini.

Na lile swali la mwalimu, mngependa aishije? Kichwani mwako nadhani lilikuwa "atamudu nini". Mkirudi, nendeni naye. Bebeni na picha, mtu anayelala peke yake na mtu anayelala na wenzake, mtu wa bustani na mtu wa jikoni na mtu wa wanyama, naye achague, na mwalimu aandike. Mwakani atabadilisha. Kaka yake amekwisha kuwa rubani mara ngapi?

Jumamosi basi, shati la baba, kifungo cha chini. Vitano vya juu ni vyako bado. Ukifika wakati vimebaki vyako vitatu, niandikie.

Mwalimu wako